Gofu la Msikiti Bado ni Msikiti: Hukumu za Kuzuru Kilwa Kisiwani

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba wake. Ama baada ya hayo.

Tumeletewa mas-ala na walimu wa madrasa moja hapa Kondoa. Walimu hao wamekusudia kuwapeleka wanafunzi wao wakubwa Kilwa Kisiwani wakati wa likizo, wakaione ngome ya kale iliyo kando ya bahari, magofu ya misikiti, fukwe na misitu ya mikoko. Wazazi wamegawanyika. Baadhi wamekubali na wameshaanza kutoa michango. Wengine wamekataa katakata na wametoa hoja tatu: kwamba Mtume (S.A.W.) amekataza kuingia katika maskani za watu walioangamizwa, kwamba hafungi mtu safari ila kwenda kwenye misikiti mitatu, na kwamba ufukweni ni mahali pa uchi na upuuzi. Mzazi mmoja amefika hadi kusema kuwa safari hiyo ikifanyika atamwondoa mwanawe madrasa. Walimu wanauliza: waende au wasiende? Na wakienda, zipi hukumu za safari hiyo?

Tumeona jawabu hili tulitoe hadharani, kwa sababu wanaouliza si hao peke yao. Tangu barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati ilipozinduliwa mwaka 2018, watu wa Kondoa wanafika pwani kwa urahisi ambao wazee wetu hawakuujua, na shule nyingi sasa zinapanga ziara. Wanavyuoni wametufundisha kuwa huwezi kukihukumu kitu kabla hujakifahamu. Kwa hiyo tutaanza na Kilwa yenyewe, kisha tuingie katika fiqhi.

KILWA NI MJI GANI

Kilwa Kisiwani ni kisiwa kilicho mkoani Lindi, na kivuko chake ni Kilwa Masoko, ambako mashua huvuka maji ya kiasi cha kilomita mbili tu. Mwaka 1981 magofu yake pamoja na yale ya Songo Mnara yaliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka 2004 yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa mawimbi yalikuwa yakila ufuko na kuta zikianguka, na yakatolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi ya ukarabati.

Mgeni anayevuka kutoka Masoko huona kwanza ngome iliyo karibu na maji, ambayo wenyeji huiita Gereza. Wanaisimu wanasema neno hilo tumelipata kwa Wareno, na kwao lilikuwa na maana ya kanisa. Wareno walijenga ngome hapo mwaka 1505 na wakaiacha mwaka 1512. Jengo linaloonekana leo sehemu yake kubwa ni kazi ya Waomani, lililojengwa kiasi cha mwaka 1800. Kwa hiyo ngome yenyewe ni changa ukiilinganisha na mji. Wanaokwenda Kilwa wakapiga picha penye Gereza kisha wakarudi mashuani, hawajaiona Kilwa.

Kilwa hasa ni Msikiti Mkuu. Sehemu yake ya kaskazini ni ya karne ya 11. Mwanzoni mwa karne ya 14 Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyejulikana kwa lakabu ya Abul-Mawahib, yaani mwenye kutoa sana, aliupanua kuelekea kusini kwa nguzo na kuba za mawe ya matumbawe. Upande wa nje kuna kisima, birika la kutawadhia na mawe ya mviringo ya kusugulia miguu. Tunapenda sana mwanafunzi wa fiqhi ayaone mawe hayo. Amesoma katika kitabu faradhi ya kuosha miguu pamoja na vifundo, na pale ataona jinsi watu wa miaka 600 iliyopita walivyoifanyia kazi.

Sultani huyohuyo ndiye aliyejenga Husuni Kubwa, jumba lenye vyumba zaidi ya 100 juu ya jabali linalotazama bahari, na ndani yake birika la kuogea la pembe nane. Jina Husuni linatokana na neno la Kiarabu hisni, yaani ngome. Kitabu cha historia ya Kilwa kilichoandikwa kwa Kiarabu, As-Sulwa fi Akhbari Kulwa, kinaeleza kuwa al-Hasan alihiji akiwa kijana na akakaa Aden miaka miwili akisoma. Nakala ya kitabu hicho leo imo katika maktaba mjini London.

Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na akamkuta al-Hasan akitawala. Anawasifu watu wa Kilwa kwa dini na wema, na anasema walikuwa wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi'i. Anasimulia kuwa Sultani alikuwa akiitenga humusi ya ngawira na kuitoa katika njia zilizotajwa na Qur'ani, na kwamba masharifu kutoka Iraki na Hijazi wakimjia. Anasimulia pia habari ya fakiri mmoja kutoka Yemen aliyemkabili Sultani akitoka kwenye sala ya Ijumaa akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia nyumba ya khatibu, akabadili nguo, akampa zile. Jambo moja tu limewashughulisha wanahistoria: Ibn Battuta anasema majengo ya Kilwa ni ya mbao, na sisi tunayaona mawe. Lakini alimsimulia mwandishi wake safari hizo zaidi ya miaka 20 baadaye, na kumbukumbu ya msafiri huchanganya miji.

HOJA YA WALIOANGAMIZWA

Hadithi wanayoitolea hoja ni sahihi, ameipokea Bukhari na Muslim kwa Ibn Umar (r.a.). Mtume (S.A.W.) alipopita al-Hijr, maskani ya Thamud, akiwa njiani kwenda Tabuk mwaka wa 9 Hijria, aliwakataza Masahaba wasiingie kwa watu wale walioadhibiwa ila wakiwa wanalia, wasije wakapatwa na yaliyowapata. Akafunika kichwa chake na kuharakisha mwendo. Hakuwaruhusu kutumia maji ya visima vyao, ila kisima alichokuwa akinywa ngamia wa Nabii Swaleh (A.S.).

Ndugu zetu wameichukua hukumu wakaiacha sababu yake. Hadithi imetaja sababu waziwazi, nayo ni adhabu iliyowashukia watu kwa kumkadhibisha Mtume wao. Si kila gofu ni gofu la adhabu. Kama kila nyumba iliyoanguka ingekuwa na hukumu ya al-Hijr, tusingeingia katika maboma ya babu zetu huku Kondoa. Watu wa Kilwa walikuwa Waislamu wenye kusimamisha sala, na mji wao uliporomoka kwa sababu zinazojulikana katika historia: ugomvi juu ya utawala, kisha uvamizi.

Mwaka 1502 Vasco da Gama alimlazimisha Amiri Ibrahim, aliyekuwa ameshika madaraka Kilwa wakati huo, kulipa kodi ya dhahabu. Mwezi Julai 1505, sawa na mwaka 911 Hijria, Francisco de Almeida alikuja na kundi la manowari akauteka mji na kuupora. Dhahabu iliyotolewa Kilwa ilifanyiwa chombo cha ibada ya kanisa kilichokamilika mwaka 1506, na chombo hicho kipo hadi leo katika jumba la makumbusho mjini Lisbon. Mwanafunzi akisimama mbele ya Gereza akaambiwa habari hii, basi anafanya lile ambalo Qur'ani imeliamrisha mara nyingi, kama katika Suratu Aal Imran aya ya 137 na Suratur-Rum aya ya 42, tutembee katika ardhi na tuangalie mwisho wa waliotangulia. Amri ya kutembea na kuangalia haitimizwi na mtu aliyekaa nyumbani.

Wala mazingatio hayo yasiwe ya upande mmoja. Tumesikia waongozaji wa ziara, na hata baadhi ya masheikh, wakisimulia Kilwa kana kwamba ilikuwa nuru tupu mpaka Mreno alipokuja. Mwaka 1776 Sultani wa Kilwa alitia saini mkataba na Mfaransa aliyeitwa Morice wa kumuuzia watumwa 1,000 kila mwaka. Karne iliyofuata biashara hiyo ilihamia Kilwa Kivinje, na maelfu ya watu kutoka pande za Ziwa Nyasa walipitishwa hapo kwenda Unguja na kwingineko. Walionunua na kuuza walikuwamo Waislamu wenye kusali. Sheria yetu inahesabu kumteka mtu huru na kumuuza kuwa ni katika madhambi makubwa. Bukhari amepokea kutoka kwa Abu Huraira (r.a.) kuwa miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa mdai wao Siku ya Kiyama ni yule aliyemuuza mtu huru akala thamani yake.

Jambo hili linatuhusu sisi watu wa bara kuliko wengine. Uislamu wa Kondoa ulifika kwa njia za misafara ya karne ya 19, wafanyabiashara wa pwani walipoweka kituo hapa Irangi. Njia hizohizo zilizoleta Msahafu zilipitisha pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Mwalimu atakayewapeleka vijana Kilwa akawaficha hili, wataambiwa na mtu mwingine, naye hatawaambia kwa ajili ya kuwajenga. Basi awaambie yeye, tena penye Gereza hapohapo, na awaonyeshe kuwa walioitenda dhulma ile waliivunja sheria waliyokuwa wakiisoma.

HOJA YA MISIKITI MITATU

Hadithi ya kutofunga safari ila kwenda Msikiti wa Makka, Msikiti wa Mtume na Msikiti wa Aqsa nayo ni sahihi. Sheikh Abu Muhammad al-Juwaini, katika wanavyuoni wa Kishafi'i, alichukua dhahiri yake akaharamisha safari ya kuzuru mahali pengine kwa nia ya ibada. Imam Nawawi katika sherehe yake ya Sahih Muslim hakuikubali rai hiyo. Akasema kauli sahihi kwa wenzetu wa madhehebu ni kuwa si haramu wala si makuruhu, na kwamba makusudio ya Hadithi ni fadhila kamili ya kuifungia safari misikiti hiyo mitatu. Ama safari ya elimu, biashara, kuunga udugu au kutazama maumbile, haimo kabisa katika mlango huu, kwa pande zote mbili.

Inabaki nia. Anayekwenda Kilwa akiamini kuwa rakaa mbili katika gofu lile zina thawabu za pekee, au kwamba mawe yake yana baraka ya kuondoa maradhi, huyo ameingia katika jambo lisilo na dalili, na tunamkataza. Tuna mfano wake hapahapa kwetu. Michoro ya mapangoni ya Kolo imo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2006. Kwenda kuitazama na kuuliza nani aliyeichora hakuna ubaya, lakini wapo wanaokwenda mapangoni humo kwa ajili ya matambiko, na hiyo ni shirki. Mahali ni pamoja na hukumu ni mbili.

MSIKITI ULIOBOMOKA

Sasa tufike kwenye jambo ambalo hakuna aliyetuuliza, si walimu wala wazazi, na kwetu sisi ndilo zito kuliko yote.

Wageni wanaofika Kilwa, na wengi wao ni Waislamu, huingia Msikiti Mkuu kama wanavyoingia uwanjani. Wanakaa kwenye misingi ya nguzo wakila mikate, wanatupa maganda, wanapiga kelele ili kuba ziwarudishie sauti. Ukiwauliza wanasema, "Si msikiti tena, ni gofu." Kauli hii ni kosa katika fiqhi ya madhehebu yetu.

Msikiti ni wakfu, na wakfu wa msikiti ni kuitoa ardhi katika milki ya waja moja kwa moja. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameeleza katika Minhaj kuwa msikiti ukianguka na ikashindikana kuujenga upya, hauuzwi kwa hali yoyote. Washereheshaji wametaja sababu: ardhi yake bado inawezekana kusaliwa. Ukuta si msikiti, wala paa si msikiti. Kilichowekwa wakfu ni pale mahali penyewe, na mahali hapaanguki. Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa, ana kauli kama hiyo, kwamba unabaki msikiti milele hata watu wake wakihama. Muhammad bin al-Hasan alimkhalifu akasema unarudi kwa aliyeuweka wakfu au warithi wake. Mahanbali wameruhusu kuuzwa msikiti uliokosa manufaa kabisa ili thamani yake ijenge mwingine. Lakini Kilwa ni mji wa Mashafi'i, uliowekewa wakfu na Mashafi'i, na unaozuriwa na Mashafi'i kutoka Kondoa.

Na watu wa Kilwa wenyewe walilifahamu hivyo. Kitabu chao cha historia kinasimulia kuwa msikiti huo uliwahi kuporomoka na ukakaa gofu muda mrefu, kisha katika karne ya 15 wakaujenga upya palepale. Hawakusema wakfu umekwisha watafute kiwanja kingine.

Likithibiti hilo, hukumu za msikiti zinafuata zote. Mwenye janaba haruhusiwi kukaa humo. Mwanamke mwenye hedhi vilevile asikae, na hata kupita asipite akihofia kudondosha damu, kwa hiyo mwalimu awaonyeshe wasichana mpaka wa msikiti kabla hawajaukaribia. Birika na kisima kwa kawaida ni sehemu za udhu zilizo nje ya msikiti, na wanaweza kusimama huko wakaona. Anayeingia akiwa na udhu ni sunna asali rakaa mbili za maamkizi kabla ya kukaa, hata ikiwa ni baada ya Alasiri, kwani kwetu sala yenye sababu haizuiliki na nyakati za karaha. Viatu vikaguliwe, maana mbuzi wa kisiwani hawaulizi mlango. Kutema mate humo ni kosa, kununua na kuuza ni makuruhu, na itikafu inasihi.

Ama kibla, mihrabu ya Msikiti Mkuu iko ukuta wa kaskazini, na hapo pana faida nzuri ya kuwafundisha vijana. Kilwa na Makka zinakaribia kuwa juu ya mstari mmoja wa longitudo, kwa hiyo kibla cha Kilwa ni kaskazini halisi kwa tofauti ndogo mno. Kondoa tuko magharibi zaidi ya Kilwa, na ndiyo maana huku kwetu tunaelekea kaskazini kwa kupinda kidogo kuelekea mashariki. Kijana akifahamu hili pale, hatakuja kubishana juu ya kibla maisha yake yote.

Na watalii wasio Waislamu? Katika madhehebu yetu asiyekuwa Mwislamu anaruhusiwa kuingia misikiti mingine isiyokuwa Haram ya Makka kwa idhini ya Mwislamu. Hatuoni sababu ya kufukuza watu. Kiingilio kinacholipwa ni malipo ya ulinzi na ukarabati wa mahali, si bei ya kusali, basi kilipwe bila manung'uniko.

MAKABURI NA SARAFU

Kisiwani yapo makaburi, likiwamo eneo lililo karibu na Msikiti wa Malindi, si mbali na Gereza. Ni makaburi ya Waislamu. Mgeni awasalimie maiti kwa salamu iliyopokewa na awaombee. Asikae juu ya kaburi, asilipande apate picha nzuri, asiache sarafu wala kitambaa.

Tukitaja sarafu, hapa pana mas-ala ya kuvutia. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao za shaba, zenye majina yao na maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu. Zilifika mbali mno. Moja ya al-Hasan bin Sulaiman imeonekana katika magofu ya Zimbabwe Kuu, na mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota tano katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya nchi hiyo. Je, kijana akiokota moja mchangani baada ya mvua, ni yake?

Wengi watasema ni rikazi, atoe humusi na iliyobaki achukue. Hapana. Rikazi kwa Mashafi'i ni mali iliyozikwa zama za ujahiliya. Mali iliyo na alama ya Uislamu, kama sarafu yenye jina la Sultani Mwislamu, inarudi katika mlango wa lukata, yaani mali iliyopotea, na mwokotaji ana amana juu yake. Ikiwa imeokotwa ndani ya msikiti jambo linazidi kuwa zito. Juu ya hayo, sheria ya nchi ya mambo ya kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu hivi, na kutii katika jambo lenye maslaha ya wote ni wajibu. Basi aikabidhi kwa wasimamizi wa hifadhi. Vipande vya vigae vya Kichina na shanga hukumu yake ni hiyo hiyo, na asinunue kwa mtu anayeviuza kwa siri.

SALA SAFARINI

Kutoka Kondoa hadi Kilwa kwa njia ya Dodoma na Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, nayo inapita mbali masafa ya kupunguza sala, ambayo ni marhala mbili, zinazokisiwa kati ya kilomita 80 na 90. Basi wapunguze na wakusanye tangu watakapoacha majengo ya mji wa Kondoa. Wakinuia kukaa Kilwa siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, ruhusa inakatika kwa kufika tu. Wakisali nyuma ya imamu mkazi, wakamilishe.

Ipo hali nyingine inayostahiki kutajwa. Mwezi Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya kusini huko Kilwa na wasafiri wakakwama. Msafiri aliyezuiliwa hivyo, kila siku akitarajia njia itafunguka, anaendelea kupunguza hadi siku 18. Wengi hawaijui ruhusa hii.

Jingine ni siku ya kuondoka. Walimu wameandika katika ratiba yao kuwa gari litaondoka Kondoa Ijumaa asubuhi. Kwa anayewajibikiwa na Ijumaa, kusafiri baada ya Alfajiri ya siku hiyo ni haramu kwetu, ila ikiwa ataidiriki njiani. Hapa wepesi upo: waondoke mapema wasali Ijumaa Dodoma, katika Msikiti wa Gaddafi au mwingine, kisha waendelee. Wakichelea kuwa gari litachelewa, waondoke Alhamisi.

BAHARI NA UFUKWE

Mtu aliyekulia kwenye maji matamu ya Kondoa huona shaka akiyaonja ya bahari: je, chumvi yote hii inafaa kwa udhu? Swali hili aliulizwa Mtume (S.A.W.) na mtu aliyekuwa akisafiri baharini na maji machache. Akajibu kuwa maji yake ni yenye kutwahirisha na mfu wake ni halali. Ameipokea Malik na wenye Sunan nne kwa Abu Huraira (r.a.). Tazama alivyojibu zaidi ya alivyoulizwa, kwa kuwa asiyejua hukumu ya maji ya bahari hatajua ya chakula chake.

Na chakula nacho kina maelezo. Samaki wa kila namna, kamba, pweza na ngisi ni halali. Kaa wa mikokoni, ambaye wageni hukaribishwa sana, Imam Nawawi amemtaja katika Minhaj pamoja na chura na nyoka kuwa haramu, kwa kuwa anaishi nchi kavu na majini. Wapo wanavyuoni wa madhehebu mengine waliomhalalisha, na atakayewafuata hatumkemei, lakini ajue kuwa ametoka katika kauli ya madhehebu yake. Kasa kwetu halali si kauli sahihi, na sheria ya nchi inamlinda.

Ama uchi, hoja ya tatu ya wazazi, ni hoja ya kweli, ila jawabu lake ni kuchunga mipaka. Ufukwe wenyewe ni ardhi ya Mwenyezi Mungu. Uchi wa mwanamume ni baina ya kitovu na magoti, basi vijana waogelee na nguo inayofunika magoti, mahali pasipo na wanawake. Kilwa si mji wa mahoteli yaliyojaa ufukweni, na mahali patulivu pataonekana. La kuhofiwa zaidi kwetu ni maji yenyewe. Watoto wetu wanajua makorongo yanayojaa saa moja na kukauka, hawajui bahari inayokupwa mbali kisha ikarudi. Suratul-Baqara aya ya 195 inatukataza kujitupa katika maangamizi. Asiingie majini asiye na msimamizi mwenyeji, na mashuani kila mmoja avae jaketi la kujiokolea hata kama maji ni ya kilomita mbili.

Mikoko wasiikate wala kuvunja matawi. Mizizi yake ndiyo inayoshika udongo wa pwani ile ambayo mawimbi yameila miaka mingi, na yanayolindwa nyuma yake ni misikiti na makaburi tuliyoyataja.

MABINTI

Katika barua ya walimu tumeona kuwa safari imepangwa kwa wavulana tu, na wasichana wataonyeshwa picha wakirudi. Tumewauliza sababu wakasema ni suala la mahramu. Ni kweli, safari isiyo ya faradhi kwa mwanamke katika madhehebu yetu inahitaji mume au mahramu, na kundi la wanawake waaminifu limeruhusiwa katika hija ya faradhi tu. Lakini sharti la mahramu halina maana ya kuwanyima elimu. Wasichana watano kati yao wana kaka zao katika darasa lilelile la wakubwa, vijana waliobaleghe, ambao tayari wameandikwa katika safari. Wengine wana baba ambao ni wafanyabiashara na wanashuka Dar es Salaam kila mwezi. Waulizwe kabla ya orodha kufungwa. Na mzazi yule aliyeapa kumwondoa mwanawe, tunamwomba apande gari hilo yeye mwenyewe pamoja na binti yake, na nafasi yake tumeiombea kwa walimu, nao wamekubali.

Wallahu a'lam.